Mshono wangu anaukagua nani?

Tangu Jumanne nimekuwa nikilijibu swali la Mama Atieno kichwani, na kila jibu ninalolipata linakuja limechelewa. Wiki yenyewe haikukosa mambo: Baba ameruhusiwa kutoka hospitalini, kaka yangu amepeleka mahari Machakos, nasi tumemaliza kuhamia Kasarani, lakini usiku taa zikizimwa, ninachosikia ni sauti ya mama huyo juu ya mlio wa cherehani.

Mimi hutengeneza programu za simu kwa kujitegemea, na ile ya chama cha Mama Atieno na mafundi wenzake mnaifahamu, ile inayotunza michango na mikopo ya mafundi wa Soko la Uhuru pale Jogoo Road na kumtumia mwanachama ombi la M-Pesa ili aweke namba yake ya siri tu. Nilikwenda kumweleza, yeye akiwa mweka hazina, kwa nini naomba malipo kwa kazi ambayo hataiona kwa macho. Kuanzia tarehe 31 Agosti 2025, Google Play, duka la programu za simu, ilitaka kila sasisho liwe limelenga angalau Android 15, yaani limeandaliwa kwa toleo hilo la mfumo wa simu, na programu ikishalenga toleo hilo, kwenye simu zinazolitumia hulazimika kujichora hadi ukingoni mwa skrini, nyuma ya saa iliyo juu na nyuma ya vitufe vya simu vilivyo chini. Kazi hiyo isipofanywa, kitufe cha kulipa kinaweza kufunikwa mwanachama asikifikie. Mwaka 2024 sharti lilikuwa Android 14, na kila mwaka huja jingine. Alinisikiliza bila kuondoa mguu kwenye cherehani, sare za shule zikiwa zimerundikana pembeni, kisha akasema:

"Nimekuelewa, mwanangu. Kila mwaka soko linabadilika na wewe unajifunza. Mimi sare nikiimaliza, nampa jirani yangu aigeuze ndani nje kabla mwenyewe hajaichukua. Wewe, mshono wako anaukagua nani?"

"Ninasoma sana, Mama."

"Haya," akasema, akakata uzi.

Hiyo "haya" ndiyo iliyonikaa. Haikuwa ya dharau, kwa maana Mama Atieno akimdharau mtu humwambia wazi. Ilikuwa "haya" ya mtu aliyeuliza jambo moja akajibiwa jingine, na akaamua kumwachia mwenzake heshima yake.

Ni kweli kwamba ninasoma. Chuoni nilifundishwa Java, lugha ya kuandikia programu. Google ilipoikubali lugha nyingine, Kotlin, kwa programu za Android mwaka 2017, na mwaka 2019 ikatangaza kuwa ndiyo itakayotangulizwa, nilihama. Toleo thabiti la kwanza la Jetpack Compose, zana ya Google ya kujengea skrini za programu, lilipotoka Julai 2021, niliandika upya skrini za wateja wangu moja baada ya nyingine, usiku, watoto wakiwa wamelala. Sijutii hata saa moja ya kazi hiyo. Hata hivyo yote niliyafanya peke yangu: naandika mwenyewe, naidhinisha mwenyewe, napakia mwenyewe. Katika kampuni niliyoiacha, hakuna msimbo, yaani maandishi ya programu, uliowafikia watumiaji kabla ya mwenzako kuusoma, na pale ndipo nilipojifunza zaidi kuliko katika kozi yoyote niliyowahi kuilipia. Nyaraka hunijibu ninachouliza. Nisichojua kukiuliza hupita kando yangu. Msaidizi wa akili unde naye ninamtumia, na huniibulia kasoro za kweli, lakini hajawahi kumwona mwanachama wa chama amesimama sokoni, ameshaweka namba ya siri, mtandao umekatika, na hajui kama pesa zimeenda au zimebaki.

Watu wanaotushauri sisi tunaojitegemea hutuambia kila mwaka tujifunze chombo kipya: leo Flutter, kesho Kotlin Multiplatform. Sivikatai, ila nadhani wanaanzia mbali. Anayefanya kazi peke yake anahitaji kwanza jicho la pili.

Basi Alhamisi nilimpigia simu yule mwenzangu wa zamani tuliyekuwa tukiketi meza moja, ambaye sasa anajitegemea kule Rongai, nikamwomba tuwe tunasomeana. Alicheka kwa furaha, akasema alikuwa akitafuta mtu wa kumwomba hilo hilo. Nikamtumia sehemu ya malipo pamoja na skrini chache.

Maoni yake yalifika Ijumaa jioni, na tangu hapo uzito wa wiki nzima umenitoka. Aliuliza itakuwaje jibu la M-Pesa likifika mara mbili, au likifika mwanachama akiwa ameshaifunga programu. Nilimwonyesha kwamba utambulisho wa kila ombi huhifadhiwa kwenye seva, hivyo jibu lake huandikwa mara moja tu hata likirudiwa, naye akaandika: "Safi, hapa umetulia." Kisha akauliza kwa nini ninapima kwa mkono nafasi za kuacha ukingoni, skrini kwa skrini, ilhali Scaffold, kiunzi cha skrini kilichomo ndani ya Compose, chenyewe hunipa vipimo hivyo tayari. Nilifuta mistari mingi usiku huo, na skrini zikabaki nyepesi kusomeka. Nami nimesoma msimbo wake wa kukokotoa riba, na majaribio aliyoyaandika kwa mikopo inayovuka mwisho wa mwezi yamenifungua macho, nitayaiga. Tumekubaliana kila Ijumaa tutumiane kipande kidogo, na asiwepo wa kumsifu mwenzake bila kutaja sababu.

Nikienda sokoni nitamwambia Mama Atieno, maana anastahili jibu la swali alilouliza.

Linalonisumbua sasa ni ile simu ya zamani ninayojaribia programu, yenye Android 8, ambayo betri yake imeanza kuvimba. Wanachama kadhaa wa chama wanatumia simu za aina hiyo hiyo. Simu ya kuigiza kwenye kompyuta hunipa toleo lile, lakini hainionyeshi jinsi kumbukumbu ndogo inavyoichelewesha skrini ya malipo. Fundi wa simu wa Luthuli, mjini Nairobi, ameniambia betri zake hazimfikii tena, na sasisho haliwezi kutoka kabla sijaliona likifanya kazi kwenye simu kama hiyo. Kama kuna msomaji aliye nayo ndani ya droo, nitainunua.