Nilivyompiga picha membe wa Mida bila lenzi kubwa

Kila niliyemuuliza kuhusu picha za ndege wa porini alinijibu neno lile lile: lenzi. Tafuta zile nyeupe ndefu, la sivyo usijisumbue. Bei ya lenzi hizo, hata iliyokwishatumika, unanunua bodaboda na unabakiwa na hela ya mafuta. Mimi napiga picha za harusi hapa Malindi. Nina kamera ya kawaida ya sensa ndogo na lenzi ya kuvuta ya milimita 70-300 niliyouziwa na mtu aliyekuwa anahama, elfu ishirini na kitu. Kwa vitu hivyo hivyo nina picha ya membe ameshika kaa mdomoni, jicho linang'aa, na matone ya maji unaweza kuyahesabu. Kwa hiyo nitajisifu kidogo, mnivumilie.

Kwa asiyemjua, membe ni yule ndege mweupe mwenye mgongo mweusi, miguu mirefu, na mdomo mnene mweusi ambao haulingani kabisa na mwili wake. Kazi yake ni kula kaa. Hazai kwetu. Anazaa huko Oman, Ghuba na pwani ya Somalia, tena kwa kuchimba shimo mchangani na kutaga humo yai moja jeupe, joto la mchanga likimsaidia kuatamia. Kuanzia mwezi wa nane hivi anaanza kuonekana Hori ya Mida, mkono wa bahari ulioingia nchi kavu karibu na Watamu, na wengi wanakaa mpaka Aprili. Watoto wanakuja na wazazi, wamevaa kijivujivu, na wanaendelea kulia wapewe chakula hata baada ya kuvuka bahari yote ile wakiruka wenyewe. Wengine sisi tunawajua wa aina hiyo majumbani.

Ushauri wa kwanza niliopewa ulikuwa wa mavazi. Video zote za Wazungu zinasema vaa madoadoa ya kijeshi. Hapa Kenya raia akivaa madoadoa ya kijeshi anatafuta kesi, na sidhani kama askari atakuelewa ukimwambia unawavizia ndege. Shati la kahawia la mtumba linatosha. Ndege wa pwani hakuoni rangi kwanza, anaona mwendo.

Ushauri wa pili ndio ulionitoa jasho. Jamaa mmoja mwenye maneno mengi alinihakikishia kwamba bila kibanda cha kujificha sitapata kitu. Nikashona magunia, nikasimika vijiti, na juu nikafunika matawi ya mwarobaini niliyoyakata nyumbani, maana mikoko ya pale ni ya hifadhi, huigusi. Nikaenda alfajiri, nikajenga kibanda changu ukingoni mwa matope, nikaingia. Maji yalikuwa yanaendelea kupwa. Membe walikuwepo, wengi tu, ila kila maji yalivyorudi nyuma nao walirudi nayo. Kufikia saa nne wako mbali hata kwenye kioo wanaonekana vitone, na jua limeshaanza kupika matope. Mazigazi yakaanza kucheza. Ndege akisimama, miguu yake inatetemeka kwenye picha kana kwamba ana homa. Hilo halina dawa, hata ukiwa na lenzi ya bei ya nyumba, kwa sababu kinachotetemeka ni hewa yenyewe iliyo kati yako na ndege.

Humo ndani joto lilikuwa la tanuri. Nikiwa nimejikunja, nikasikia kitu kinatafuna juu ya kichwa changu. Mbuzi. Walikuwa watatu au wanne, wanakula kibanda changu kwa utulivu kabisa, tawi baada ya tawi, nami siwezi kuwafukuza maana nikipiga kelele ndege watakwenda. Walipomaliza upande mmoja nilibaki nimekaa ndani ya nusu ya gunia mbele ya ulimwengu mzima. Ndipo wakapita akina mama waliokuwa wanatoka kuokota chaza. Mmoja akainama akachungulia.

"Kaka, humo ndani umepoteza nini?"

Nikamwambia napiga picha ndege. Akawaita wenzake waje waone. Walicheka mpaka mmoja akatua ndoo yake chini. Lakini nilichokiona wakati wanacheka ndicho kilichonifaa: sululu wawili, ndege wale wa mdomo mrefu uliopinda, walikuwa wanatembea nyuma yao, karibu kuliko ndege yeyote aliyenikaribia mimi asubuhi nzima. Ndege wale wanawaona akina mama kila siku, wameinama, wanatazama chini, wanakwenda polepole, hawamfuati mtu. Kibanda hawajawahi kukiona maishani mwao.

Yule mama alipomaliza kucheka akasema, "Sasa mbona unawafuata, na maji yanawaleta?" Akachukua ndoo akaondoka.

Basi hapo ndipo penye ujanja wote, na ninashangaa mimi mtoto wa pwani nilisubiri kuambiwa na mtu huku video za Ulaya nimezimaliza. Maji yakipwa, ndege wana uwanja mzima wa matope wa kutawanyikia. Maji yakijaa, uwanja unapungua, na wao wanasogea mbele ya maji hatua kwa hatua wakiwa bado wanakula, mpaka wanabanana kwenye vipande vya mwisho vya mchanga karibu na mikoko. Ukiwa umekaa hapo kabla hawajafika, wanakuja wenyewe.

Lakini si maji yoyote. Maji mafu, yale yasiyopanda sana, hayafai, hayafuniki matope yote na ndege wanabaki huko huko mbali. Unataka bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo. Na uzuri wa pwani yetu ni kwamba siku za bamvua maji yanajaa kama saa kumi alasiri, kisha kila siku yanachelewa karibu saa nzima. Kwa hiyo hesabu mwezi wa angani, si wa kalenda: siku ya kumi na tano, kumi na sita, kumi na saba, au mosi hadi ya tatu. Siku hizo kati ya saa nane na saa kumi na moja maji yanamalizia kupanda, jua linaanza kulainika, na ukikaa upande wa magharibi wa hori, ule wa barabara kuu ya Mombasa, jua lote liko mgongoni kwako na ndege wamewashwa mbele. Ongeza kidogo kwenye saa za jedwali, maana ndani ya hori maji yanachelewa kuliko ufuoni.

Nilikwenda mapema, matope bado makavu makavu, nikatafuta kipande cha mchanga kilichoinuka, nikaketi pembeni yake, si juu yake. Kaa chini kabisa, kamera iwe usawa wa jicho la ndege. Picha ya ndege iliyopigwa ukiwa umesimama inafanana na picha ya kitambulisho. Kamera niliilaza juu ya mguu wa jinzi kuukuu nilioushona ncha zote mbili na kujaza kunde. Viatu vaa vya mpira, vile vya zamani, kwa sababu mizizi ya mchu, mmoja wa miti ya mikoko, imesimama kama misumari na maganda ya chaza yanakata.

Kwanza walikuja vitwitwi, ndege wadogo wa ufuoni, wanakimbia na kusimama, wanakimbia na kusimama. Sikuwapiga. Ukianza kufyatua na kugeuzageuza kamera mapema unawafundisha kukuogopa. Halafu sululu. Maji yakanifika kwenye visigino, yakapanda mapajani, na mimi nimetulia, kunde zimeanza kunywa maji. Membe wakaja mwisho, kundi zima, wakitembea kama wazee wanaotoka msikitini, hawana haraka na yeyote. Mmoja akatoka mbio ghafla, akamchomoa kaa, akamtikisa, miguu ya kaa ikaruka huku na huku. Alikuwa karibu mno hata ilibidi nirudishe lenzi kwenye mia mbili. Rudieni kusoma sentensi hiyo, nyie wa lenzi nyeupe.

Sasa mpangilio, kwa haraka. Kasi ya shata sehemu moja ya elfu mbili ya sekunde au zaidi, mlango wa mwanga wazi kadiri lenzi inavyoruhusu, fokasi ya kufuatilia, nukta kwenye jicho. Kinachowashinda wengi ni weupe wa membe. Kamera inaona matope meusi inadhani kuna giza, inaongeza mwanga, na ndege anaungua anakuwa karatasi. Punguza mwanga hatua moja hivi. Watu wa harusi tunalijua hili kwa sababu ya shela. Bibi harusi wa shela jeupe na bwana harusi wa suti nyeusi ni membe mmoja mkubwa.

Siku nyingine nilimkuta mgeni ana lenzi ndefu kama mkono wangu, amesimama kwenye daraja la mbao saa sita mchana, maji yako mwisho wa kupwa, anafyatua tu. Nilimsalimu, nikamwambia asubiri maji ya jioni. Akanionyesha picha zake. Zilikuwa mazigazi matupu. Sikusema neno, ila nilipofika nyumbani nilizifungua zangu nikaziangalia tena.

Mwingine akanishauri niende msitu wa Arabuko-Sokoke na sauti ya bundi mdogo wa huko kwenye simu, nimpigie aje. Hapana. Bundi huyo anaishi sehemu chache mno duniani, ukiwemo msitu ule na vilima vya Usambara Mashariki, halafu wewe unamtoa kwenye kiota kwa sauti ya adui wa uongo ili upate picha ya kuweka kwenye simu? Kamlipe kiongozi wa msituni anayejua mti anaolala, umwangalie, uondoke.

Baada ya maji ya chumvi futa kamera kwa kitambaa chenye unyevu wa maji yasiyo na chumvi, halafu kikavu. Hewa yetu inaotesha kuvu ndani ya lenzi, kwa hiyo vile vifuko vidogo vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu usivitupe, viweke kwenye boksi la plastiki linalofunga vizuri pamoja na lenzi. Kunde zilivunda, sasa natumia vipande vya sponji ya godoro.

Ninachowinda sasa ni wale vitwitwi wa mwisho wa Machi na Aprili. Kabla ya kuondoka kwenda kuzaa Asia ya kati na Siberia wanabadilika rangi, vifua vinakuwa vyekundu vya matofali, na ni siku chache tu unazo kabla hawajaruka. Tatizo ni kwamba kuna bibi harusi ameshalipa nusu, na tarehe yake nimeihesabu, inaangukia siku ya kumi na sita ya mwezi wa angani. Nimemwambia picha za nje tuzimalize kabla ya saa nane, jua la mchana linampendeza sana.