Nilikwenda Gardone kununua kizibao, nikapimwa jicho

Basi la kutoka Brescia linafuata mto Mella, na kadiri linavyopanda ndivyo milima inavyozidi kubana. Nilikuwa Italia kwa shughuli nyingine kabisa, nikajiibia siku moja. Mpenda shabaha akifika Milano asifike Gardone Val Trompia, mji wa mafundi bunduki bondeni humo, amejidhulumu mwenyewe. Bonde hili limefua mitutu kwa karne nyingi. Ipo hati ya mwaka 1526 ya Bartolomeo Beretta kulipwa dukati 296, sarafu za zama hizo, na ghala la silaha la Venice kwa mitutu 185, na kampuni ya ukoo wake ingali papo hapo.

Bunduki yenyewe sikuifuata. Kununua bunduki ugenini kunataka vibali vya huko na vibali vya kwenu, na siku moja haitoshi hata kukaa foleni. Nilitaka kizibao cha kulengea, mdeki wa kusafishia mtutu na brashi za bunduki ya kaliba 12, basi.

Dukani nilimkuta mzee mmoja, miwani inaning'inia shingoni. Kiingereza chake cha kuokoteza, Kiitaliano changu hakuna, tukasaidiana kwa mikono. Kaunta ilikuwa na bunduki kuukuu ya mitutu miwili, imefunguliwa. Akaigeuza nione mihuri iliyopigwa chini ya mitutu, herufi PSF zikiwa wazi kabisa. Maana yake imejaribiwa kwa baruti isiyo na moshi. Bunduki mpya hupelekwa kwanza kwenye kituo cha taifa cha majaribio, hapo hapo Gardone, ikafyatuliwa risasi zenye nguvu kuliko za kawaida. Ikihimili ndipo inapigwa muhuri. Nilipapasa zile herufi kwa kidole gumba muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu.

Tukaja kwenye kizibao. Nikachagua chenye pedi bega la kulia. Mzee akakishika kabla sijakivaa, akaniuliza: "Jicho gani?"

Sikumwelewa. Akaniashiria ninyooshe kidole kwenye taa ya mlangoni, macho yote wazi. Kisha nifumbe la kushoto. Kidole kikaruka pembeni, taa ikabaki peke yake. Nikafumbua, nikafumba la kulia: kidole kikatulia juu ya taa kama kimegandishwa. Mzee akacheka kimyakimya. Mimi ni wa mkono wa kulia, lakini jicho linalotawala, lile ubongo unalolifuata katika kulenga, ni la kushoto. Ndiyo maana risasi zangu zilikuwa zikipita kushoto mwa kisahani, kile cha udongo kinachorushwa hewani kiwe shabaha. Miaka sita nimelaumu bunduki, nimelaumu upepo, hata yule kijana anayerusha visahani sikumwacha.

Zipo njia mbili: kuhamia bega la kushoto, au kuliziba lile jicho korofi. Kuhama bega kwa umri wangu ni kuanza upya kutambaa. Mzee akachukua miwani ya kulengea niliyokuwa nimeiweka kaunta, akakata kipande cha tepu ya ukungu kisichozidi ukucha, akakibandika kwenye kioo cha kushoto, pale macho yanapopita nikiegemeza shavu kitakoni. Hakunitoza senti ya tepu.

Nilinunua kile kizibao cha kulia, na mdeki ndani ya kisanduku chenye brashi na kichupa cha kiyeyusho cha kusafishia. Mzee alikigusa kichupa, akatandaza mikono kama ndege, akatikisa kichwa. Nikaitikia tu ili yaishe. Risasi sikununua. Mashirika ya ndege hukubali kilo 5 kwa abiria, kwenye mzigo unaokwenda chini, ukiwa umeomba mapema, na mimi sikuomba.

Uwanja wa ndege nikaitwa kufungua sanduku. Kichupa kikachukuliwa, kinashika moto, hakipandi ndege. Brashi zikaruhusiwa. Ofisa akainua miwani, akaitazama ile tepu, akaanza kuikwangua kwa ukucha akidhani ni uchafu.

"Tafadhali iache," nikamwambia. "Hiyo ndiyo niliyoifuata."