Siku moja maishani mwangu: fundi wa mlingoti wa upepo, Singida

Saa 10:45 alfajiri
Sihitaji programu ya hali ya hewa. Nina bati la jikoni lililolegea upande mmoja. Likigonga, leo hakuna kupanda mlingoti, nabaki chini na makaratasi. Leo limenyamaza. Chai ya rangi, viazi vitamu vya jana, naondoka kabla watoto hawajaamka.

Saa 12:10 asubuhi
Dereva ananipitia. Barabarani akina mama wameshaanza kupanga madumu ya mafuta ya alizeti, na kuku wamefungwa miguu wanasubiri mabasi. Tunaacha lami, tunaingia njia ya vumbi katikati ya yale mawe makubwa ambayo kila mgeni wa Singida lazima ayapige picha.

Saa 1:00
"Shikamoo, mzee."
"Marahaba. Pangaboi zinakuja lini?"

Ni mlinzi wetu. Pangaboi kwake ni mitambo ya upepo ya kuzalisha umeme, inayotarajiwa kujengwa hapa. Swali hili ananiuliza kila ninapokuja, na sijawahi kuwa na jibu. Mlingoti una urefu wa mita 80, umepakwa rangi nyekundu na nyeupe ili ndege za angani ziuone, na umeshikiliwa na stei, yaani nyaya za chuma, pande tatu. Juu yake kuna vikombe vinavyozunguka kupima kasi, vishale vya mwelekeo na kipimajoto. Chini kuna sanduku la kurekodi lenye betri, paneli ndogo ya sola na laini ya simu. Kazi yake ni kupima upepo tu. Hauzalishi umeme hata wa kuwasha taa moja, jambo ambalo kijijini tumelieleza mpaka tumechoka.

Nakagua stei kwanza, moja moja, kwa mkono. Kisha navaa mkanda na kupanda.

Saa 2:20
Niko mita 60 juu. Nimefuata kikombe kimoja ambacho beringi yake imechoka na kinasoma pungufu ya mwenzake. Kinasoma 6.7 pale ambapo upepo ni mita 7 kwa sekunde. Ukisikia tofauti ya 0.3 utacheka. Lakini nguvu ya upepo hukua kwa mchemraba wa kasi yake: 6.7 × 6.7 × 6.7, gawanya kwa 7 × 7 × 7, unapata kama 0.88. Kwa hiyo kikombe kimoja chenye beringi iliyochoka kinaweza kuifanya sehemu nzuri ionekane ina nguvu pungufu kwa asilimia 12. Na shamba la upepo halinunui mafuta wala gesi. Sehemu kubwa ya gharama inalipwa mwanzoni, kwa mkopo. Hiyo asilimia 12 kwa mwenye benki ndiyo tofauti ya "njoo tuongee" na "tutakupigia".

Nabadilisha kikombe. Vidole vimekufa ganzi, maana kusi la Julai huku halina utani.

Saa 3:00
Ukiwa juu unaona minara ya msongo mkubwa ikikatiza mashamba. Hapa ndipo Singida ina bahati. Njia ya umeme ya kilovolti 400 kutoka Iringa kwenda Shinyanga inapita kwetu, na ile ya kutoka Isinya, Kenya, inaishia hapa hapa. Wenzetu wa mradi wa upepo wa Ziwa Turkana, Kenya, hawakuwa na bahati hiyo. Mitambo yao 365, megawati 310, ilisimama ikiwa imekamilika huku ikisubiri njia ya umeme ya kilomita 428 kwenda Suswa. Umeme ulianza kwenda gridini Septemba 2018, na kwa ule ucheleweshaji Kenya ililazimika kulipia umeme ambao haukumfikia mtu yeyote.

Huwa nawasimulia vijana tunaofanya nao kazi: waya ukichelewa, upepo unakuwa deni.

Saa 5:15
Ofisi ya kijiji. Mwenyekiti, mtendaji, na wazee sita kwenye benchi. Nilikuja kuomba kibali cha kupitisha gari la vipuri, nikajikuta kwenye kikao cha ardhi. Hii ni ardhi ya kijiji chini ya Sheria Na. 5 ya 1999, huwezi kuja na ramani ya Dar es Salaam ukaanza kuchimba. Mkutano mkuu wa kijiji lazima uamue.

Bibi mmoja aliuliza kama mapanga yatafukuza mvua. Wengine wakacheka, mimi sikucheka. Anayetegemea uwele na alizeti ana haki ya kuuliza hivyo. Nilimwambia mvua inatoka mbali na juu sana kuliko panga lolote, na kwamba chini ya mtambo watu wanaendelea kulima mpaka karibu na msingi. Akaniuliza tena, "Na barabara zenu za kufikia huo mtambo zitapita wapi?" Hilo ndilo swali la kitaalamu kuliko yote niliyosikia mwezi huu. Msingi ni eneo dogo. Barabara za kreni ndizo zinazokata shamba la mtu vipande viwili.

Mradi wa Kinangop, Kenya, wa megawati 60.8, ulifutwa 2016 baada ya ugomvi wa ardhi na wananchi. Upepo wake bado unavuma.

Saa 8:00 mchana
Ugali, mlenda, kuku wa kienyeji. Mhandisi anapiga simu kutoka Dar: anataka vipimo vya kona tatu na kipilefti kimoja. Panga la mtambo wa kisasa linaweza kuvuka mita 60, kipande kimoja, halikunjiki. Kutoka bandarini hadi hapa ni kama kilomita 700. Kila kona, kila waya uliolegea, kila daraja lazima lipimwe. Na gharama ya kuileta kreni ya kuinua mzigo huo ni ile ile, iwe inakuja kusimamisha mitambo mitatu au thelathini. Ndiyo maana nawavulia kofia watu wa mradi wa Mwenga kule Mufindi: mitambo mitatu tu, megawati 2.4, na imesimama.

Saa 10:00 jioni
Sehemu ya siku nisiyoipenda: ripoti. Mwezi uliopita mtu aliiba betri ya sanduku, tukapoteza siku 11 za takwimu. Wakopeshaji wanataka angalau mwaka mzima wenye zaidi ya asilimia 90 ya rekodi. Siku 11 tunaweza kuzimeza, ila betri ya pili ikienda tunaanza kuongeza miezi.

Lakini tuseme ukweli, mlinzi akiuliza "lini", tatizo si betri. Tatizo ni mnunuzi. Bila mkataba wa muda mrefu wa kuuza umeme, hakuna benki itakayotoa senti. Mkopo unakuja kwa dola, TANESCO, shirika la umeme la taifa, inakusanya shilingi, na kila mtu anataka mwenzake abebe hatari ya kushuka kwa shilingi. Juu ya hapo limekuja Bwawa la Nyerere na megawati zake 2,115. Nani ana haraka ya kusaini upepo?

Jibu langu, na sijaulizwa, ni mgao wa umeme wa mwishoni mwa 2023. Kusi linavuma kwa nguvu miezi ya kiangazi, wakati mito inapungua. Upepo ukifanya kazi Julai hadi Oktoba, maji yanabaki bwawani yakisubiri. Nimeliandika hilo katika ripoti mara tatu. Safari hii nimeliweka ukurasa wa kwanza.

Saa 3:30 usiku
Sanduku hutunza wastani wa kila dakika 10, na usiku linatuma yote kwa simu. Nafungua nikiwa kitandani: kikombe kipya na mwenzake wanasoma sawa, 9.1 na 9.1.

Jikoni bati limeanza kugonga. Mke wangu anasema kesho nilipigilie msumari. Nimemwambia aliache.