Fulana Iliyomzuia Mama Kuja Ibadani

Kwa miaka minne nilikuwa mwenyekiti wa kamati ya habari kanisani kwetu, na katika miaka hiyo tulibadilisha nembo mara mbili. Ya pili niliichora mwenyewe. Niliibandika kwenye mimbari, kwenye bahasha za sadaka, kwenye vikombe, na bila shaka kwenye fulana. Mtu akiisifia ile rangi ya samawati nilifurahi kuliko akiniambia mahubiri yamemgusa. Naungama.

Fulana zilikuwa na Jumapili yake. Waumini wote walivaa, tukapiga picha ya pamoja, nikaiweka kwenye kurasa zetu, kisha nikashinda nikihesabu wafuasi wapya. Kiswahili kimetutega hapo: wafuasi wa Yesu na wafuasi wa ukurasa wana neno moja, na sikumbuki ni lini nilianza kuwachanganya.

Jumapili moja ya picha, mama mmoja mzee asiyekosa safu ya tatu hakuonekana. Jioni nikampigia.

"Shikamoo mama. Leo hatukukuona, kwema?"

"Marahaba mwanangu, kwema tu. Nilisikia ni siku ya fulana, nami sijanunua. Nikaona nisije nikawaharibia picha."

Hakuwa na kinyongo. Alisema kama anayeniomba radhi, na hilo ndilo lililoninyima usingizi. Waraka wa Yakobo sura ya 2 unawakemea wanaompa mwenye pete ya dhahabu mahali pazuri na kumwambia maskini asimame kule. Sisi hata hatukuhitaji kumwambia. Alijiondoa mwenyewe kabla hajatoka nyumbani.

Nilipeleka hoja kwenye kamati: tufute siku ya fulana. Nikapingwa, tena kwa hoja nzuri. Kijana wa mitambo ya sauti alinikumbusha kwamba faida ya fulana ndiyo iliyonunua spika. Mwingine akasema Ukristo umekuwa na alama tangu zamani: samaki, ambaye herufi za jina lake kwa Kigiriki huanzisha maneno "Yesu Kristo, Mwana wa Mungu, Mwokozi", magamba ya kombe waliyovaa mahujaji wa Santiago de Compostela kule Hispania, hata Martin Luther, yule mwanamatengenezo wa Kanisa, alikuwa na muhuri wa waridi.

Kweli tupu. Nikaenda kusoma habari za huo muhuri. Mwaka 1530 Luther aliandika barua akieleza kila kipande chake: msalaba mweusi, ndani ya moyo mwekundu, juu ya waridi jeupe. Nikajiuliza yetu ina maana gani. Mimi, mchoraji, sikuwa na jibu. Niliichagua kwa sababu inaonekana vizuri kwenye simu. Siku hizohizo nikakutana na mstari katika Wagalatia ambao nimeusoma tangu utotoni: Paulo anasema anachukua mwilini mwake chapa zake Yesu. Chapa zile zilikuwa makovu ya mapigo. Hazikuwa na saizi wala rangi ya kuchagua.

Wazee wa kanisa nao waliogopa kwamba tukipunguza mvuto watu watahamia kwingine. Nikawasimulia habari za Willow Creek, kanisa kubwa karibu na Chicago lililoanza mwaka 1975. Kabla ya hapo waanzilishi wake walipita nyumba kwa nyumba wakiuliza watu kwa nini hawaendi kanisani, kisha wakapanga ibada kwa kufuata majibu. Lilijaa kweli. Lakini mwaka 2007 viongozi wake walitangaza matokeo ya uchunguzi wao wenyewe: mtu kushiriki programu nyingi za kanisa hakukuwa dalili kwamba anakua kiroho. Mzee mmoja akakuna kidevu. "Sasa sisi tunahesabu nini?"

Swali lile lilifanya kazi kuliko hoja zangu zote. Fulana bado zipo kwa anayetaka, ila hazina siku yake na haziuzwi mlangoni. Ripoti yangu ya mwezi, iliyojaa takwimu za wafuasi, imebaki karatasi moja: nani hajaonekana wiki mbili mfululizo, na nani amempigia. Vifaa vya sauti vilivyobaki tulivichangia. Vilichelewa, na yule kijana wa mitambo alinuna miezi kadhaa. Mama yule amerudi safu ya tatu, sikumweleza lolote.

Kilichonishinda kwa muda mrefu ni mifuko. Tulipokwenda kuwaona wagonjwa tulibeba vitu kwenye mifuko yenye nembo, nami nilipiga picha wakipokea. Picha niliacha mara moja. Nembo niliitafutia kila kisingizio: watajuaje ni sisi? Hatimaye tukanunua mifuko mitupu.

Safari ya kwanza tulimkuta mgonjwa wetu, mzee wa makamo, amelala, tukamwachia binti yake. Baada ya wiki chache nilikutana naye amepona. Akanishika mkono, akanisimulia kwa furaha jinsi watu wa kanisa la jirani walivyomkumbuka kitandani. Akalitaja kwa jina. Ni lile lile ambalo nembo yake nimeionea wivu miaka yote.

Nilifungua kinywa nimsahihishe. Nikameza mate.

"Mungu awabariki," nikasema.