Mjomba na dola zangu laki moja

Mjomba wangu wa Muheza haikosi taarifa ya habari. Juzi kanitumia sauti WhatsApp, dakika nne nzima za malalamiko: "Mjomba, redio inasema huko uliko pato la kila mtu ni dola laki moja na ushee kwa mwaka. Mimi nimekuomba bati ishirini tu, unaniambia nisubiri mwisho wa mwezi?"

Nilicheka peke yangu ndani ya basi, Dublin, alfajiri, natoka zamu ya usiku. Halafu nikaona mzee ana haki ya kuuliza. Ukilichukua Pato la Taifa la Ayalandi, yaani thamani ya vyote vinavyozalishwa humo kwa mwaka, ukaligawa kwa watu wake milioni tano na kitu, kweli kila mmoja anapata zaidi ya dola 100,000. Sasa yangu iko wapi?

Iko kwenye makaratasi. Kampuni kubwa za Marekani, za dawa na za kompyuta, zimeleta hakimiliki zao huku kufuata kodi nafuu, kwa hiyo faida iliyochumwa kila pembe ya dunia inaandikwa kwenye daftari la Ayalandi. Ilitangazwa kwamba mwaka 2015 uchumi wa huku ulikua kwa asilimia 26. Mwaka mmoja tu! Sijasikia mfagizi aliyeongezwa mshahara kiasi hicho. Na ndege je? Zaidi ya nusu ya ndege za kukodisha duniani zinasimamiwa kutoka hapa; nyingine hazijawahi kutua Dublin, lakini ujira wake unahesabiwa. Wenyewe waliona hesabu haifai, mwaka 2017 ofisi yao ya takwimu ikatoa kipimo kingine kinachopunguza mambo hayo. Miaka hii kinatoka zaidi kidogo ya nusu ya kile cha redioni. Mimi na mwenzangu tunalala chumba kimoja, na pango linameza karibu nusu ya mshahara.

Sisemi huku ni kubaya. Maji ya bomba hayakatiki, na mtoto anayezaliwa hapa anatarajiwa kuishi miaka 82 hivi. Kwetu Tanzania bado tuko sitini na kitu. Pesa imefanya kazi hiyo, tusidanganyane.

Kinachonikera mimi ni kingine. Nafanya kazi kwenye nyumba ya kulelea wazee. Usiku nawageuza kitandani wasipate vidonda, nawabadilisha nepi, kuna bibi mmoja halali mpaka apakwe losheni miguuni. Kila saa ya kazi hiyo imo ndani ya Pato la Taifa. Muheza, mama mdogo anamfanyia bibi yangu yaleyale tangu alipopooza: kumgeuza, kumwosha, kumlisha uji kwa kijiko. Kwa kuwa halipwi, kwenye hesabu za taifa mama mdogo hafanyi kitu. Lakini akikubaliana na jirani kila mmoja amlee mgonjwa wa mwenzake kwa malipo, uchumi wa Tanzania umekua, na nyumba zote mbili hazijaongeza hata kijiko.

Mchumi Simon Kuznets, aliyewaandalia Wamarekani hesabu hizi mwaka 1934, alilijua hilo. Alieleza kwamba kazi za mama wa nyumbani ameziacha nje, akaonya kuwa ni vigumu kuujua ustawi wa taifa kwa kutazama pato lake. Redio ya mjomba haijafika ukurasa huo.

Nikamtumia hela ya bati kumi. Jumapili nikampigia mama mdogo kwa video, nikamwonyesha tunavyofundishwa kazini kuweka mto katikati ya magoti ya mgonjwa akilala ubavu. Akaigeuza simu upande wa kitanda. Bibi amelala ubavu, kanga imekunjwa vizuri, iko katikati ya magoti.

"Mwanangu," akasema, "na hilo nalo wamekulipa ujifunze?"