Siku moja kwenye kibanda cha nyimbo, Msamvu

Nikisema kazi yangu ni kuweka nyimbo kwenye memori kadi na flashi za watu, hucheka. "Bado ipo hiyo? Si kila mtu ana simu siku hizi?" Njoo Msamvu, stendi ya Morogoro, uone. Kibanda kina upana wa meza moja, kompyuta moja, diski mbili za nje na spika ambayo jirani yangu wa chipsi ameilalamikia tangu mwaka juzi. Wateja ni madereva, walinzi, wachoma mahindi, na wote wenye viredio vya Kichina vya memori kadi. Bando huisha. Kadi ukishaijaza, imejaa.

Saa 12 asubuhi nafungua, nafagia, naweka umeme wa luku wa elfu mbili. Chai ya leo silipi, mama ntilie namdai kwaya za wiki iliyopita.

Saa 1 mpaka saa 3 ni ya madereva. Dereva wa Mbeya hana maneno mengi: anatupa flashi ya GB 4, elfu tatu, "changanya, usirudie." Ila anajua anachotaka. Mpaka Mikumi nimwekee chochote, lakini gari likianza kupanda mlima Kitonga hataki mapenzi ya kulialia. Mlinzi anayetoka lindo anataka kinyume chake: nyimbo ndefu za dansi, zenye kisa, mke kaondoka, shemeji kaingilia kati, barua imefika. "Nyimbo fupi zinarefusha usiku," ananiambia. Kwa hiyo natakiwa kujua nani anaendesha, nani analinda, nani amefiwa. Anayedhani hapa nabonyeza nakili na bandika tu aje akae siku moja.

Najua na lile jingine mnalotaka kusema, kwamba nyimbo si zangu. Ni kweli, sheria ya hakimiliki ya 1999 ipo na sina utetezi wa maana. Vijana wa hapa Moro huniletea kazi zao wenyewe zisambae. Za wanamuziki waliokwishakufa, pesa nimpelekee nani, sijui. Tuendelee.

Saa 4 kasoro akaja bibi.

Huyu bibi hushuka kutoka Mgeta na njegere, akishauza hupita kwangu. Wiki iliyopita nilimwekea nyimbo za zamani za shilingi elfu moja. Leo kafika kashika kiredio chake kwa mikono miwili.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Mjukuu wangu, umenikatia wimbo."

Nikachomeka kadi, nikatafuta. Wimbo wenyewe siutaji, wazee wa hapa wataanza kubishana ulikuwa wa bendi ya Morogoro Jazz au ya Cuban Marimba, na mji huu uligawanyika kwa hilo kabla mimi sijazaliwa. Ukaimba vizuri, beti mbili, kiitikio, gita likaanza kuchemka, halafu sauti ikateremka polepole ikazama. Dakika tatu na kitu.

"Ndivyo ulivyo, bibi."

"Sivyo ulivyo. Hapo ndipo tulikuwa tunaanza kucheza."

Ana haki. Sahani za santuri za enzi zile upande mmoja ulibeba dakika tatu, nne hivi, na nyimbo za dansi zilikuwa ndefu. Basi wimbo ulikatwa katikati: upande wa kwanza maneno, upande wa pili magita na tarumbeta. Waliokuja kuziingiza kwenye kompyuta miaka mingi baadaye, wengi waliishia upande wa kwanza. Nikamweleza yote hayo kwa upole, huku wateja wawili wamesimama nyuma yake.

Akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaichukua ile memori kadi mezani, ndogo kama ukucha, akaigeuza chali, akanirudishia.

"Basi geuza."

Muuza chipsi alicheka mpaka akaunguza mafuta. Mimi sikucheka. Nilikuwa na foleni.

Nikamwambia asubiri kwenye benchi, nikidhani atachoka. Hakuchoka. Kila nikimaliza mteja mmoja anauliza, "Umeupata?" Nikaanza kutafuta kwelikweli ili tu aondoke. Sasa kutafuta wimbo wa zamani ni kazi ya upelelezi. Bendi zilibadilisha majina: NUTA Jazz ya 1964 ikawa JUWATA, ikawa OTTU, leo ni Msondo, na faili linaweza kukaa chini ya jina lolote kati ya hayo. Mpiga gita Mbaraka Mwinshehe peke yake utamkuta Morogoro Jazz, halafu baada ya 1973 Super Volcano, halafu kwenye mafolda ya watu wasiojua tofauti. Mengine hayana jina kabisa, ni "Track 07" tu.

Saa 6 umeme ukakatika. Bibi akatoa ndizi kwenye kapu, akanimegea. Tukala kimya. Ndipo akanisimulia, bila mimi kuuliza, kwamba Mbaraka alipofariki Mombasa 1979 alikuwa anapalilia, akasikia redioni kwa jirani, akaweka jembe chini na kazi ya siku hiyo ikaishia hapo. "Shamba halikuwa langu," akaongeza, "nilikatwa posho." Amelisema hilo la posho kwa uchungu kuliko la kifo.

Umeme ukarudi, sikuangalia saa. Kijana mmoja alitaka singeli kwa simu yenye ufa, kondakta akanipigia kelele nimheshimu, mama mmoja alitaka kaswida za maulidi na nyimbo za kicheni pati kwenye kadi moja, nikamtengea mafolda mawili ili zisije zikafuatana mbele ya shehe.

Upande wa pili wa wimbo wa bibi niliukuta kwenye diski kuukuu niliyorithi kwa mwenye kibanda wa kwanza, folda la "Mchanganyiko", "AudioTrack 09". Nilibahatisha. Nilipousikia nilimwita kwa sauti kubwa mno.

Nikaunganisha vipande viwili, nikapiga. Bibi akainamisha kichwa.

"Hapo gita limepanda."

Nikarudia. Sikusikia kitu. Akaweka kidole juu ya meza, akakisogeza juu kidogo, kama anayeonyesha kimo cha kifaranga. Nikavaa hedifoni, nikasikiliza mshono ule mara sita, saba. Kweli, limepanda. Kipande cha pili kilitoka kwenye kanda, na kanda ikipigwa kwenye deki inayokimbia hupandisha kila kitu, sauti na mwendo. Nikapunguza asilimia mbili. Akatikisa kichwa. Nne. "Bado." Sita, akanyamaza. Akaendelea kunyamaza mpaka wimbo ukaisha, miguu yake imevuka nje ya kandambili, kisigino kinagonga chini, na mgongo ule uliobeba njegere tangu alfajiri umenyooka kabisa.

Mimi nina miaka 11 kwenye kazi hii. Najivunia sikio langu. Bibi wa Mgeta amelipita, nami nilikuwa nikimtafutia njia ya kumfukuza.

Kuingiza nako kulihitaji akili. Viredio hivi havisomi majina, vinapiga nyimbo kwa mpangilio ule ule uliotumia kuziingiza. Nikafuta kadi yote, nikaanza upya, huo wimbo wa kwanza kabisa, asihangaike na vitufe gizani. Nikamwambia elfu moja. Akatoa mia tano na ndizi zilizobaki.

"Mara ya kwanza nilishalipa mzima, ukanipa nusu. Hii ni ya kugeuza."

Sikuwa na jibu. Akakimbilia gari la Mgeta, kiredio kimeshawashwa kapuni, kinapiga chini ya kanga.

Baada ya hapo siku sikumbuki vizuri. Walikuja wengine, macho yakauma, nikamwekea bongofleva mtu aliyetaka injili, akarudi na hasira, nikarekebisha bure. Nilifunga saa 2 usiku nikiwa na elfu kumi na nne mfukoni, toa luku, toa kodi ya meza.

Nyumbani mke wangu akauliza awashe redio. Nikamwambia tafadhali, hapana. Ndipo simu ikaita. Dereva wa Mbeya, ameshafika.

"Mtaalamu, flashi yako imerudia wimbo mmoja."

"Wapi?"

"Kitonga. Na ni wa kulialia."