Nilivyoacha kuviheshimu vitabu nikaanza kuvisoma

Kijana wa steshenari alikigeuzageuza kile kitabu, akanitazama, akakitazama tena. "Dada, una uhakika? Nikishapitisha kisu hakirudi." Nikamwambia pitisha.

Kilikuwa Anna Karenina, riwaya ya Mrusi Tolstoy, tafsiri ya Kiingereza, kurasa zaidi ya 800. Nilikipata kwa shilingi 5,000 kwenye turubai la vitabu vya mitumba maeneo ya Posta. Kijana akalaza rula ya chuma, akavuta pumzi kama mtu anayechinja kuku wa wenyewe, akakata. Mgongo wa kitabu ukalia kama muhogo mkavu unaovunjwa. Baada ya dakika kumi nilikuwa na vitabu vinane vyembamba, kila kimoja kimevikwa manila ya rangi yake na kupigwa pini tatu za stepla kubwa. Akanitoza elfu nne. Chenji alinipa bila kuniangalia usoni.

Wengi nikiwasimulia hapa hunichukia, kwa hiyo nianzie nyuma kidogo.

Nimekulia Muheza, nyumba yenye kabati la vioo. Baba alikuwa karani wa shamba la mkonge, kazi yake kuhesabu matita na kuandika, na ukarani ule alirudi nao nyumbani kila jioni. Kabati lilikuwa na vitabu sitini na kitu, vyote vimevalishwa jalada la gazeti, na juu ya kila jalada jina la kitabu kwa herufi zilizosimama kama zimepigwa mstari. Ufunguo ulikaa mfuko wa shati. Ukitaka kusoma unanawa mikono, unaikausha, unakaa mezani, kitabu kinalazwa juu ya kitambaa. Hakuna kukunja ukurasa. Kalamu usiisogeze hata karibu. Rafu ya juu ilikuwa ya Shaaban Robert peke yake, ambaye baba alimwita "karani mwenzetu", kwa kuwa kabla ya sifa zote zile alikuwa karani wa forodha kule Pangani.

Nikiwa darasa la tano niliweka jani bichi la mwembe ndani ya Kusadikika kuwa alama ya nilipofikia. Nililisahau humo, likaacha doa la kahawia kurasa mbili zinazotazamana. Baba hakunipiga. Alilifunga kabati likizo nzima ya Desemba, akawa anapita mbele yake kama hakuna kitu.

Basi nikavipenda vitabu vile kama unavyompenda mjomba mkali: unamsifia kwa watu, ila ukaribu naye huutafuti.

Nilipoanza maisha Dar nikajinunulia rafu yangu. Mwaka 2018 niliihesabu, ina vitabu 112. Kila Jumamosi nilivifuta vumbi kimoja kimoja. Vilivyosomwa mwaka ule: vitatu. Mtu akiniuliza najibu sina muda, na nilikuwa naamini kabisa, wakati kila siku ya kazi nilikuwa na karibu saa tatu za barabarani. Daladala kutoka Mbezi mpaka Kimara, halafu mwendokasi, yale mabasi yaendayo haraka, mpaka Posta, jioni hivyohivyo kurudi. Saa zile nilizimaliza kwenye makundi ya WhatsApp, nikisoma salamu za asubuhi za watu ambao ana kwa ana hatusalimiani. Kitabu nilikuwa nakisubirishia meza, mikono safi na ukimya. Na mimi nina watoto wawili, na jirani yangu ana spika mbili kubwa.

Nilichobadilisha kwanza kilikuwa kidogo sana. Asubuhi ndani ya mwendokasi siti ni bahati, kwa hiyo unasimama, mkono mmoja umeshika bomba. Mkono wa pili hauna kazi. Nikaanza kuvipima vitabu vyangu kwa mkono huo: kipi nitaweza kukishika na kukifungua kwa kidole gumba bila kumpiga mtu kiwiko?

Riwaya zetu za zamani zilifaulu karibu zote. Waliozichapa ni kama walijua tutakuja kusimama. Nilianza na Mzimu wa Watu wa Kale cha Muhammed Said Abdulla, kile cha mpelelezi Bwana Msa na kiko chake, nikakimaliza kwa siku nne, na siku ya tatu nilishtukia niko Kivukoni kwa kupitilizwa. Nikachukua Rosa Mistika cha Kezilahabi, ambacho kilikuwa rafuni miaka sita. Baada yake nikachukua Nagona, cha mwandishi huyohuyo, chembamba kuliko daftari la shule, nikijua hiki ni cha siku moja, kwenda na kurudi. Kilinitoa jasho wiki tatu. Kuna asubuhi nilisoma ukurasa mmoja kutoka Shekilango hadi Fire, nikashuka sijui nimesoma nini, na bado sikutaka kukiacha.

Maana kuacha naacha. Zamani ningeona ni utovu wa adabu. Siku hizi, ikipita safari mbili mfululizo macho yangu yako dirishani yanahesabu maduka ya Manzese, kitabu kinarudi rafuni na sioni aibu. Vile vya "namna ya kutajirika" vilivyojaa barabarani havinifikishi hata Ubungo. Mwandishi anayenitajia siri saba za mafanikio kabla sijaona mtu yeyote ndani ya kitabu akifanya jambo lolote, huyo tumeshaachana.

Tenzi sizisomi kwenye basi. Utenzi unataka mdomo. Mstari wa mizani nane ukiusoma kimyakimya unakufa, na ukiusoma kwa sauti ndani ya gari watu wanakupisha siti kwa sababu nyingine. Tenzi ni za jikoni, Jumapili, nikisukuma chapati. Kituo cha ubeti kinaangukia pale pale kifimbo cha kusukumia kinaporudi. Mwanangu mdogo sasa anaitikia vina vya mwisho bila kujua maana, na nimemwacha hivyo.

Vilivyobaki ni vinene, na hapo ndipo kisu kilipoingia, mwanzoni mwa 2021. Anna Karenina nilijaribu kukibeba kizima siku mbili. Siku ya pili kilimwangukia mama mmoja kwenye kidole cha mguu pale Magomeni Mapipa, akaniuliza kama nimebeba tofali.

Mwenzangu wa ofisini alipoona kipande cha kwanza ndani ya mkoba wangu aliniita mchinjaji. Nikamwambia mwandishi mwenyewe ameigawa riwaya sehemu nane, mimi nimefuata mistari yake. Tena wasomaji wake wa kwanza kabisa kule Urusi hawakuwahi kuishika ikiwa nzima: ilitoka kidogokidogo kwenye jarida kuanzia 1875 hadi 1877. Sehemu ya nane jarida lilikataa kuitoa, kwa sababu mhariri hakupenda alivyowasema Warusi waliokuwa wakijitolea kwenda kupigana Serbia, ikabidi Tolstoy aichapishe peke yake. Kwa hiyo nimeirudisha ilivyozaliwa. Mwenzangu alisema maneno mengi hayo ni ya mtu anayejua amekosa. Labda.

Sikati kila kitu. Vya Kiswahili sigusi, kwa sababu vingi ukivipoteza hupati tena, unazunguka maduka mpaka unachoka. Cha kuazima sikati. Nakata mitumba tu, na tu ile ambayo nzima isingesomwa.

Kukata kukanitatulia na jambo ambalo sikulikusudia. Nina daftari la mikopo tangu 2012: jina, kitabu, tarehe ya kutoka, tarehe ya kurudi. Safu ya mwisho ina weupe mwingi wa kusikitisha. Ndugu, majirani, mpaka shangazi, wote wameondoka na vitabu vyangu kwa tabasamu. Sasa akija mtu namwazima kipande cha kwanza. Akikinogewa, analeta cha kwanza anachukua cha pili. Asiponogewa nimepoteza moja ya nane. Vitabu vyangu havijawahi kurudi kwa kasi hivi.

Halafu penseli. Naandika pembeni ya ukurasa, lakini siandiki mawazo makubwa. Mawazo makubwa nikiyarudia mwaka unaofuata huwa yananitia aibu. Naandika siku, kituo nilipokuwa, na jambo moja. "Jumatatu. Jangwani. Maji yamefunga njia, tumekaa." "Ijumaa. Kagera. Mtu anasoma begani kwangu, nimemsubiri amalize ndipo nikafunua." Hadithi nyingi nazisahau, hilo nakiri. Ila nikifungua kitabu cha zamani najua siku ile ilikuwaje, na mara nyingi kwa kamba hiyo hadithi nayo inavutika.

Na simu? Iko ndani kabisa ya mkoba. Kwenye gari lililojaa, simu mkononi unailinda kwa macho manne. Kipande cha pili cha Anna Karenina hakuna kibaka aliyewahi kukitamani.

Mwaka 2019 nilisoma vitabu 17. Mwaka jana 26, nikihesabu vipande vinane kuwa kitabu kimoja.

Mwaka huo wa kisu ndio mwaka ambao mama aliugua. Mwezi Mei alikuwa analazwa, anatoka, analazwa tena, na mimi nilikuwa kwenye kipande cha tatu, chenye manila ya kijani. Agosti akafariki. Novemba baba akaja kukaa kwangu kidogo, kwa sababu nyumba ya Muheza ilikuwa imemzidi ukubwa.

Sikuficha vile vipande. Nilisahau, ndiyo kweli. Niliporudi kutoka kazini siku ya pili nilimkuta amesimama mbele ya meza, navyo vyote vinane vimepangwa kwa mstari kufuata namba.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Nani kafanya hivi?"

"Mimi, baba."

Hakusema neno. Akaenda bafuni, nikasikia maji yanamwagika muda mrefu. Nikafikiri ananawa yale aliyoyashika. Akarudi anajifuta kwa taulo, akatandika kitambaa mezani, akavuta kiti, akakifungua cha kijani.

Alipoondoka wiki ya tatu, cha kijani hakikuwepo. Daftari la mikopo halikuandikwa kitu. Baada ya siku chache akapiga simu, bila salamu ndefu.

"Mama, huyu bwana Levin, hapa anapofyeka majani na wakulima wake. Umeona anavyoanza vibaya? Anatumia nguvu nyingi, majani yanabaki. Mkata mkonge mgeni ni hivyohivyo. Siku ya kwanza anapigana na jani."

"Nimeona, baba."

"Huyu aliyeandika kafyeka kwa mikono yake. Hilo huwezi kusimuliwa." Akanyamaza kidogo. "Nitumie na nyingine. Zile za shamba tu. Huyo mama na mambo yake ya huko mjini waachie wenyewe."

Nikamwambia sheria ni moja: cha kijani kirudi kwanza. Akacheka, na nilikuwa sijamsikia akicheka tangu Agosti. Wiki iliyofuata nikapigiwa simu na kondakta, nikakifuata kwenye kituo cha mabasi cha Magufuli pale Mbezi, na papo hapo nikampa kondakta kipande cha sita na cha nane ndani ya bahasha kwenda Muheza.

Cha kijani kilikuwa kimevalishwa jalada la gazeti. Juu yake, kwa ule mwandiko wa kusimama: KIPANDE CHA TATU. Nilikifungulia kwenye daladala. Kurasa zake zilikuwa safi kama nilivyoziacha, mpaka nilipofika pale nilipoandika mimi, mwezi Mei: "Jumatano. Usalama. Mama kalazwa tena."

Alikuwa ameikata "Jumatano" kwa mstari mmoja wa penseli, umenyooka, bila shaka kwa rula. Juu yake, kwa herufi ndogo, ameandika: Alhamisi.